Namna ya Kusoma Historia na Falsafa kwa Pamoja Chuo Kikuu

Anayesoma historia na falsafa katika shahada moja hukutana na maandishi yaleyale katika vyumba viwili vya semina, na kila chumba kina swali lake. Mwanahistoria anauliza: nani aliandika haya, lini, akimjibu nani, na yalifanya kazi gani wakati ule? Mwanafalsafa anauliza: je, ni kweli? Hitimisho linafuata kutoka kwenye misingi yake? Ugumu wa shahada hii ni kuyashika maswali yote mawili bila kulijibu moja kwa jibu la lingine. Alama nyingi hupotea hapo, tena si kwa uvivu: mwanafunzi amemaliza insha nzuri kabisa ya historia, kisha akampelekea mhadhiri wa falsafa.

Chukua maandishi ya mwanafalsafa Mwingereza John Locke juu ya serikali, yaliyotoka mwishoni mwa 1689 ingawa ukurasa wa jina umechapwa 1690. Kwa muda mrefu yalisomwa kama utetezi wa mapinduzi ya Uingereza ya 1688. Mwaka 1960 mwanahistoria Peter Laslett alitoa ushahidi kwamba sehemu kubwa iliandikwa miaka kadhaa kabla ya mapinduzi hayo, wakati wapinzani wa mfalme walipokuwa wakihangaika kumzuia mrithi wake Mkatoliki asipate kiti. Kwa mwanahistoria, hapo mambo yamegeuka: maandishi yaliyodhaniwa kuhalalisha jambo lililokwisha kutendeka yanakuwa wito wa kutenda jambo la hatari. Kwa mwanafalsafa, hoja ya Locke kwamba mtu hupata miliki kwa kuchanganya kazi yake na kitu kisicho na mwenyewe haijaongezeka nguvu wala kupungua hata chembe. Ukiweza kueleza kwa nini wote wawili wako sahihi, umeshaielewa shahada unayoisoma.

Kuchagua masomo

Kabla ya kujiandikisha, pata miongozo ya kozi ya idara zote mbili na uisome sambamba. Angalia kwanza masomo ya lazima ya mwaka wa kwanza na kama ratiba zake zinagongana. Idara mbili hupanga vipindi bila kuulizana. Angalia ni somo gani la mwaka wa pili au wa tatu linalodai uwe umepita somo fulani kabla. Kisha uliza swali ambalo wengi huliacha mpaka wamechelewa: tasnifu ya mwisho inaruhusiwa kuvuka idara, na kama inaruhusiwa, nani anasimamia na inasahihishwa kwa vigezo vya nani? Jibu lipate kwa maandishi.

Upande wa falsafa, mantiki ya alama (kupima hoja kwa alama kama za hesabu) usiikwepe hata kama si ya lazima. Ichukue mapema, na usikose kipindi. Historia husamehe zaidi: ukikosa wiki ya mada moja, umepoteza mada hiyo, na wiki ijayo unaanza nyingine. Mantiki hujengwa tofali juu ya tofali. Aliyepotea wiki ya tatu, wiki ya tano anaona alama tu ubaoni. Upande wa historia, somo lisilokwepeka ni lile la mbinu za utafiti na usomaji wa vyanzo, ambalo wanafunzi wa shahada ya pamoja hulichukia kwa kuwa linaonekana kavu. Bila hilo, tasnifu yako itakosa miguu.

Masomo mengine yachague kwa jozi. Historia ya Uingereza ya karne ya 17 huenda vizuri na falsafa ya siasa inayosoma Locke na Thomas Hobbes, mwanafalsafa Mwingereza wa karne hiyohiyo. Historia ya sayansi huenda na falsafa ya sayansi, maana hoja ya Thomas Kuhn ya 1962 kuhusu namna nadharia zinavyopinduliwa haiwezi kupimwa na asiyejua kilichotokea kwa Copernicus katika elimu ya nyota au kwa Lavoisier katika kemia. Historia ya utumwa na ukoloni huenda na nadharia za haki na fidia. Historia ya dola za Kiislamu za zama za kati huenda na wanafikra wa zama hizo, Ibn Rushd na Ibn Khaldun. Jozi moja kwa muhula inatosha. Ukipanga kila kitu kioane, utamaliza miaka mitatu ukiwa umesoma karne moja na mada moja, na falsafa ya lugha, metafizikia (maswali juu ya uhalisia wenyewe) na nadharia ya maarifa zitakuwa zimekupita.

Falsafa ya historia ndiyo daraja lenyewe, lakini usilivuke mapema. Mwaka 1942 mwanafalsafa Carl Hempel alidai kwamba maelezo ya kihistoria, yakiwa maelezo kweli, hutegemea kanuni za jumla kama yale ya sayansi asilia. R. G. Collingwood, ambaye kitabu chake kikuu juu ya suala hili kilitoka 1946 baada ya kifo chake, alishika njia nyingine: mwanahistoria hulifikiri upya ndani yake wazo la mtu wa kale. Mabishano haya hayana ladha kwa mtu ambaye hajawahi kuhangaika na sababu za tukio lolote. Andika kwanza insha tatu au nne za historia zenye vyanzo vya msingi (nyaraka za wakati wenyewe), ndipo ulichukue somo hilo, kwa kawaida mwaka wa pili.

Kusoma kwa mwendo mbili

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Katika shahada hii kinachoponyoka kwa kawaida ni falsafa, na sababu yake ni ya kihesabu. Semina ya historia hutoa sura na makala nyingi, kurasa mia na zaidi kwa wiki, na mtu huona kabisa kwamba hajamaliza. Semina ya falsafa hutoa kurasa ishirini. Mwanafunzi anazipitia jioni moja, anadhani amemaliza, kumbe hajaanza.

Historia isome kwa kasi na kwa lengo. Anza na utangulizi na hitimisho la kitabu, andika kwa sentensi moja mwandishi anadai nini na anampinga nani. Kisha nenda kwenye tanbihi za sura unayoihitaji uone ushahidi unatoka wapi: ni rekodi za mahakama, barua, magazeti, hesabu za forodha, au ni vitabu vya wanahistoria wengine? Mwandishi anayedai mambo makubwa juu ya wakulima huku tanbihi zake zote zikiwa ripoti za maofisa waliowatoza kodi amekupa tayari hoja ya kusema semina. Baada ya hapo ndipo usome sura mbili tatu kwa ukamilifu. Kusoma kila ukurasa wa kila kitabu hakuwezekani, na hakuna mhadhiri anayekutegemea ufanye hivyo, ingawa wachache watakuambia.

Falsafa isome mara tatu. Mara ya kwanza soma moja kwa moja bila kalamu, ujue tu mjadala unaelekea wapi. Mara ya pili weka namba kwenye aya na uandike pembeni kila aya inafanya kazi gani: inatoa fasili, inatoa mfano, inajibu pingamizi, au inasema maoni ya mtu mwingine ambayo mwandishi ataibomoa baadaye. Kosa la kawaida kuliko yote kwa wanaoanza liko hapo: kumbebesha mwandishi msimamo ambao alikuwa akiunukuu ili aupinge. Mara ya tatu funga kitabu na ujenge hoja upya kwa sentensi zenye namba.

Kwa mfano, sura ya 13 ya Leviathan, kitabu cha Hobbes juu ya dola, inaweza kujengwa hivi:

1. Kimaumbile watu wako karibu sawa kwa nguvu na akili; hata aliye dhaifu anaweza kumuua aliye na nguvu, kwa hila au kwa kuungana na wengine.
2. Walio sawa kwa uwezo huwa sawa pia kwa matumaini ya kupata wanachokitaka.
3. Wawili wakitaka kitu kimoja ambacho hawawezi kukifaidi wote, huwa maadui.
4. Asiye na uhakika wa usalama wake ana sababu ya kumwahi mwenzake kabla hajawahiwa.
5. Kwa hiyo, pasipo mamlaka ya kuwatia wote hofu, watu wako katika hali ya vita, hata siku ambazo hakuna anayepigana.

Sasa unaweza kuuliza maswali ya kifalsafa: sentensi ya 2 inafuata kweli kutoka ya 1? Ya 4 inahitaji kila mtu awe na hofu, au inatosha wachache wawe wakali? Maswali haya hayaonekani katika muhtasari wa maneno laini. Ukishamaliza, geukia upande wa pili wa meza. Hobbes alikimbilia Paris 1640 na kukaa huko takriban miaka 11. Mfalme Charles wa Kwanza alikatwa kichwa Januari 1649, na mara Waingereza wakatakiwa kuapa utii kwa serikali mpya isiyo na mfalme. Kitabu kilitoka 1651, na mwishoni mwake Hobbes anasema nia yake ilikuwa kuonyesha uhusiano kati ya ulinzi na utii. Msomaji wa 1651 aliyekuwa akijiuliza kama aape au asiape alikuwa na sababu ya kukisoma kama jibu. Hilo ni dai la historia, nalo linahitaji ushahidi wa historia: vijitabu vya miaka hiyo, barua, majibu ya wapinzani. Hoja ya sura ya 13 haikupi ushahidi huo.

Daftari na namba za kurasa

Weka faili moja kwa kila maandishi, yenye sehemu mbili zisizochanganywa. Ya kwanza: mwandishi, tarehe ya kuandikwa, tarehe ya kuchapwa (mara nyingi ni mbili tofauti, kama ulivyoona kwa Locke), aliyekusudiwa kusoma, toleo unalotumia na mfasiri wake. Ya pili: hoja yenye namba, pingamizi, maswali yako. Unapoandika maneno ya mwandishi yenyewe, yatie alama za nukuu papo hapo. Nukuu iliyokosa alama mwezi wa pili hugeuka kuwa sentensi "yako" mwezi wa tano, na ofisi ya mitihani haijali kwamba ulisahau.

Falsafa ya kale ina namba zake ambazo historia haitumii. Plato hunukuliwa kwa kurasa za toleo la Stephanus la 1578, hivyo mfano wake wa pango, katika kitabu cha Jamhuri, unaanza 514a katika toleo lolote lililo makini. Aristotle hunukuliwa kwa kurasa za toleo la Bekker lililoanza kutoka 1831. Kauli yake kwamba binadamu kwa asili ni kiumbe wa siasa, katika kitabu cha Siasa, iko 1253a. Kitabu kikuu cha mwanafalsafa Mjerumani Kant juu ya akili safi kina toleo la 1781, liitwalo A, na la 1787, liitwalo B, na yanatofautiana mahali muhimu. Tumia namba hizo. Ukitaja ukurasa wa tafsiri uliyoinunua peke yake, msomaji mwenye toleo lingine hawezi kukufuata. Kwenye historia, ukishika waraka, andika palepale jina la hifadhi, namba ya fungu, namba ya jalada na tarehe ya waraka. Kurudi kuitafuta karatasi moja isiyo na namba kunaweza kula siku nzima.

Tahadhari moja juu ya tafsiri: mwanafalsafa anayejenga hoja juu ya neno "haki" au "uhuru" katika maandishi ya kale lazima ajue lugha ya asili ilitumia neno gani, na kama mfasiri ametumia neno moja mahali pote. Ulinganishe tafsiri mbili kwa kifungu unachokitegemea. Zikipishana, hapo ndipo pa kuchimba.

Insha mbili, mifupa miwili

Insha ya historia hujibu swali katika aya ya kwanza, kisha hulithibitisha. Kwa maneno 2000, madai matatu au manne yanatosha, kila moja likibebwa na ushahidi wenye tarehe na mahali, na walau mara moja uonyeshe wanahistoria wanatofautiana wapi na wewe unasimama upande gani. Wanafunzi wenye mkono wa falsafa hukosea kwa kuacha watu watoweke: "ubepari ulitaka", "dola iliamua". Uliza nani hasa, katika kikao gani, akiwa na taarifa zipi mkononi. Hukosea tena kwa kumhukumu mtu wa 1550 kwa dhana zilizozaliwa baadaye. Unaweza kulaani, lakini lawama haielezi kwa nini jambo lilitokea.

Insha ya falsafa ya urefu huohuo inaweza kugawanywa hivi: maneno 150 ya kusema utadai nini, 450 ya kueleza hoja unayoijadili, 600 ya hoja yako, 400 ya pingamizi kali kuliko yote unayoweza kulifikiria, 300 ya kulijibu, na 100 ya kufunga. Vipimo si sheria, ila ukiona maelezo ya mawazo ya wengine yamefika maneno 1200, ujue umeandika ripoti. Dai liwe dogo. "Sentensi ya 2 ya Hobbes haifuati kutoka ya 1" linatosha kabisa. "Hobbes alikosea kuhusu binadamu" ni mzigo usiobebeka kwa kurasa sita. Kusema "ninadai" kunaruhusiwa hapa na mara nyingi kunatakiwa, wakati baadhi ya wahadhiri wa historia hawalipendi neno hilo. Uliza kila mmoja.

Futa aya ya kwanza inayoanza na "Tangu zamani, binadamu wamekuwa wakijiuliza". Futa pia wasifu wa mwanafalsafa: mwaka aliozaliwa na shule aliyosoma havina kazi katika hoja.

Kosa kubwa zaidi ni lile la kuvusha mizigo. Mwandishi wa falsafa anayesema "Locke alikuwa na maslahi katika biashara za makoloni, kwa hiyo hoja yake ya miliki ni batili" ameacha hoja na kumshika mtu. Maslahi hayo ni ya kweli, na kwa mwanahistoria ni muhimu sana kueleza kwa nini mifano ya Locke inagusa Amerika. Lakini ubatili wa hoja lazima uuonyeshe ndani ya hoja. Kinyume chake, mwandishi wa historia anayesema wazo fulani lilishinda kwa kuwa lilikuwa la kweli amefunga mjadala kabla haujaanza. Mawazo ya kweli yameshindwa mara nyingi. Ushindi wa wazo unahitaji kuelezwa kwa watu, mashine za kuchapia, fedha, vitisho na bahati.

Wiki yenyewe

Wiki ya kwanza ya muhula, toa tarehe zote za kuwasilisha kazi kutoka miongozo yote na uziweke kwenye karatasi moja. Karibu kila mara utaona insha mbili au tatu zimerundikana siku chache zilezile, kwa kuwa idara hazijui ratiba za jirani. Ukiliona mapema, mhadhiri mmoja anaweza kukusogezea. Ukilisema siku mbili kabla, hataweza hata akitaka. Rasimu ya insha ya falsafa ianze kwanza, maana inahitaji kulala siku tatu nne na kusomwa tena. Insha ya historia hukwama zaidi kwenye kutafuta vitabu, hivyo viazime mapema hata kama hutaandika bado.

Falsafa ipe vipande vifupi akili ikiwa safi, dakika 50 hivi, kila siku. Historia ipe saa tatu nne mfululizo, kwa sababu nusu saa ya kwanza huishia kukumbuka ulikuwa wapi.

Tasnifu

Swali zuri la tasnifu ya pamoja hupita jaribio hili: ondoa nyaraka zote kichwani mwako, kisha uangalie kama bado unaweza kulijibu swali. Ukiweza, hiyo ni falsafa tupu yenye mapambo ya historia. Halafu ondoa hoja zote, ubaki na matukio. Ukiweza kulijibu bado, ni historia tupu.

Mjadala wa Valladolid wa 1550 na 1551 unapita pande zote. Kasisi Las Casas, mtetezi wa wenyeji, na msomi Sepúlveda, mtetezi wa vita, walibishana huko Uhispania mbele ya jopo kuhusu uhalali wa kuwapiga vita wenyeji wa Amerika, na fundisho la Aristotle kwamba baadhi ya watu ni watumwa kwa asili likawekwa mezani. Huwezi kujua nini kilikuwa kinapiganiwa bila nyaraka za dola ya Uhispania. Huwezi kupima majibu ya Las Casas bila kuelewa Aristotle alidai nini hasa, na kama Las Casas aliipinga kanuni yenyewe au aliukataa tu uamuzi kwamba inawahusu watu wale.

Mfano mwingine ni Hatata, maandishi ya falsafa ya Kigeez (lugha ya kale ya Ethiopia) yanayobeba jina la Zera Yacob wa Ethiopia, karne ya 17. Mswada ulipelekwa Ulaya katikati ya karne ya 19 na mmisionari Giusto da Urbino. Mwaka 1920 msomi Carlo Conti Rossini alidai mmisionari huyo ndiye aliyeyaandika. Baadaye Claude Sumner akatetea kwamba ni ya Kiethiopia kweli, na ubishi haujaisha. Swali la nani aliandika ni la historia na taaluma ya lugha. Swali la kama hoja zake juu ya akili na imani zinasimama halingojei jibu hilo. Lakini swali la tatu, tunapaswa kuyapa nafasi gani katika historia ya falsafa, haliwezi kuguswa bila yote mawili, na swali la aina hiyo ndilo la kutafuta.

Omba wasimamizi wawili, na kikao cha kwanza kiwe cha wote watatu pamoja, angalau dakika 30. Toka na ukurasa mmoja wenye swali, vyanzo vya msingi, mfumo wa tanbihi (mmoja tu, usichanganye) na vigezo vya kusahihishia. Ukurasa huo watumie kwa barua pepe jioni ileile. Bila hivyo, sura ya pili itarudi na maoni mawili yanayopingana: mmoja anataka ushahidi zaidi, mwingine anataka uukate ushahidi uongeze hoja. Kama maandishi hayapatikani kwa lugha unayoisoma, badilisha mada mwezi wa kwanza.

Mitihani na maoni ya wahadhiri

Kwa mtihani wa historia, jiandae kwa mada nyingi kidogo kuliko maswali utakayojibu, kila moja ikiwa na tarehe kumi hivi, wanahistoria wawili wanaopingana na chanzo kimoja unachokijua vizuri. Kwa mtihani wa falsafa, punguza: hoja nne tano ulizoweza kuziandika kwa namba bila kitabu, na pingamizi moja kwa kila hoja ambalo ni lako.

Maoni unayorudishiwa kwenye insha yaandike katika orodha mbili, moja kwa kila idara, na uisome orodha husika kabla ya kuanza kazi mpya. Yakianza kugongana, kwa mfano historia inasema "unatoa hukumu nyingi" na falsafa inasema "hutoi msimamo", usitafute wastani. Nenda ofisini kwa kila mhadhiri na aya moja tu ya insha yako, umwombe akuonyeshe sentensi ambayo angeibadilisha, na angeibadilisha vipi.